Ngozi ya Mchezo wa Mwanza

Nakumbuka siku moja ya Jumatatu, mwanangu, nimeketi uani kwa baba mkubwa kule Ngulyati, nikamwona mtu mzima anaingia langoni amebeba ng'ombe begani. Usicheke. Alikuwa ng'ombe kweli, ila ndani yake hamkuwa na nyama wala mfupa. Ilikuwa ngozi tupu, mbichi, inamdondokea maji ya damu mgongoni. Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha kushindwa.

Nakusimulia wewe kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuwa pale uwanjani, nimekaa safu ya mbele kwa ajili ya magoti yangu haya, ambayo yamezeeka kunipita mimi mwenyewe. Niliona mlivyofungwa tena. Jioni nikaisikia sauti yako kwenye simu za watu, unasema mwamuzi amewaibia. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, mwanangu. Nami habari za mbaazi nazijua vizuri, maana niliwahi kuwa mbaazi.

Mnaponiita Mzee pale mazoezini najua mnanitania, nami napokea. Lakini nilikuwa nahodha wa timu hiyo hiyo, wakati mkoa wetu wa Simiyu bado mbichi na uwanja wetu ni saruji yenye nyufa. Tulikuwa timu ya kulipwa. Mwenye kinu cha pamba alitupa mshahara kila mwezi, jambo ambalo hapa Bariadi lilikuwa geni kabisa: watu wazima kulipwa kwa kutumbukiza mpira kikapuni! Wazee walikuja uwanjani kuona tu kama ni kweli. Msimu ule wakaona pia kwamba tunalipwa na hatutumbukizi. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa hata na timu ambayo gari lake liliharibika njiani ikafika na wachezaji watano basi. Ukienda sokoni kununua nyanya, muuzaji anakupa pole kwanza, ndipo anakutajia bei.

Mchezaji wetu wa chini ya kikapu alikuwa Jilala, kijana wa Ipililo, aliyelazimika kuinama kwenye kila mlango wa mji huu. Alinizidi kichwa kizima, na bado kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, kaka." Baba yake alikwisha kufariki, na mshahara wa mpira ndio uliomwezekea mama yake nyumba ya bati. Sijaona mtu mpole kama yule, na nadhani ndiyo maana ilikuwa rahisi kumtwisha mzigo wangu.

Tulikwenda kucheza Mwanza. Siku hiyo, sijui tulikula nini, tulicheza mpaka wenyeji wakanyamaza. Zikabaki sekunde chache, wametuzidi pointi moja tu. Kocha akaomba mapumziko, akachora kwenye kibao chake: mpira kwangu, mimi nimpe Jilala chini ya kikapu, Jilala amalize. Mtoto mdogo angeelewa. Lakini jukwaani alikuwepo bwana mmoja mwenye kofia nyeupe, tuliyeambiwa ametumwa na timu kubwa ya Dar es Salaam kutafuta wachezaji. Basi mimi, nahodha, moyoni nikachora mchoro wangu mwenyewe.

Nilimwona Jilala, mwanangu. Hili ndilo neno lenyewe, na sitalizunguka. Alikuwa amefika mahali pake, peke yake, mikono juu, naviona viganja vyake mpaka mistari. Nikarusha mwenyewe. Mpira ukagonga chuma, ukaruka, ukaanguka mikononi mwa wenyeji, na filimbi ikalia. Kocha hakuwa ameona vizuri kwa sababu benchi zima lilikwisha simama mbele yake. Wenzetu walikuwa wamempa Jilala visogo, wanazuia watu. Ukweli tuliujua wawili tu.

Tukapanda basi kurudi. Tulipita Nassa, kina mama wakainua samaki dirishani, hakuna aliyewatazama. Tulipoteremka stendi ya Bariadi mashabiki walikuwa wanatusubiri na simu zao. "Nahodha, imekuwaje?" Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Kocha alipanga vizuri, ila Jilala alichelewa kufika. Mpira ningempa nani?" Jilala alikuwa nyuma yangu, begi begani, anasikia kila kitu. Alinitazama kidogo, akainama, akapita.

Kabla ya siku mbili mji mzima ulikuwa unamwita Kobe. Watoto wa shule walimwita Kobe, wapiga debe walimwita Kobe, na mama mmoja muuza karanga za kuchemsha, ambaye hajawahi kukosa mchezo wetu hata mmoja, alilitamka jina hilo kwa sauti kushinda wote. Kocha alipomuuliza mazoezini, yule kijana alijibu, "Labda nilichelewa, mwalimu." Hakutaka kumwaibisha nahodha wake. Mwenye timu, yule wa kinu cha pamba, akatangaza kwamba mwezi ukiisha, Jilala aende zake. Kesho yake kijana akafunga begi akarudi Ipililo bila kusubiri mwezi uishe. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nalala usingizi, ila usingizi wenyewe haukuwa na ladha.

Ndipo Jumatatu ile nikaenda Ngulyati kwa baba mkubwa. Nilikwenda kutafuta faraja. Akaniletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa, akanisikiliza nikimsimulia Mwanza, na kobe wetu aliyechelewa. Yeye mpira wa kikapu hakuujua hata chembe. Alidhani mpira ukishaingia mle kwenye wavu mtu aliyeutumbukiza anaruhusiwa kuondoka nao. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole.

Ndipo akaingia huyo mtu niliyekwambia. Aliitwa Mhoja, mchungaji wa baba mkubwa, mtu mwenye mke na watoto, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Ametembea tangu mchana na ngozi ile, na ngozi mbichi ya ng'ombe, kama hujawahi kuibeba, ni mzigo wa kumwinamisha mwanamume. Akaishusha katikati ya ua, akaikunjua yote, upande wa manyoya chini. Akachuchumaa pembeni yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, Mhoja. Ni nani huyu?"

"Ni yule mtamba mwekundu."

Nikamwona baba mkubwa anafumba macho. Mtamba yule alikuwa ameahidiwa kwenye mahari ya mwanawe, na mji wote wa pale ulilijua hilo. Kwetu, mwanangu, mchungaji akifiwa na ng'ombe porini harudi na maneno matupu. Anarudi na ngozi ili mwenye mali aisome. Penye kucha pataonekana, penye sumu ya nyoka pataonekana, penye kisu cha mwizi pataonekana pia.

Baba mkubwa akasema taratibu, "Fisi?"

Nilishangaa. Pale alikuwa anamfungulia mlango. Fisi wapo, wanajulikana, hakuna mtu angemlaumu Mhoja kwa fisi. Angeitikia kwa kichwa tu na shauri likaisha.

"Hapana, baba," akasema Mhoja. "Nililala. Jua lilikuwa kali nikalala. Akaingia korongoni akavunjika shingo. Ni mimi."

Wanawake wakatoka jikoni kutazama. Baba mkubwa akapiga goti, akapitisha kiganja kwenye ngozi toka mkiani mpaka shingoni, akakuta damu imevilia pale pale iliposemwa. Mimi nilihisi kana kwamba ng'ombe nimemuua mimi. Nilijua mchungaji anaweza kufukuzwa kwa kosa hilo, na mke wake na watoto wakaondoka naye. Hatimaye mzee akainuka akajipangusa goti.

"Kesho utachunga," akasema. "Nenda ukale."

Hayo tu, mwanangu. Mhoja akashukuru, "Wabeja, baba," akaenda kunawa. Mimi nimeona viwanja vikubwa, nimeona watu wakiruka mpaka unadhani hawatashuka, lakini sijawahi kuona kitu kilichonishangaza kama yule mtu wa ndala moja akijishitaki mwenyewe, na yule mzee aliyemwamini zaidi kuliko jana yake. Nilijiona mdogo mpaka nikatamani michembe inifunike.

Baba mkubwa akarudi kwenye kiti chake. Hakuniangalia.

"Huko Mwanza nanyi ng'ombe wenu amekufa. Ngozi yake iko wapi?"

"Baba, nimekwisha kukueleza. Jilala..."

"Nimekusikia. Umenieleza habari za fisi."

Sikumaliza maziwa yale. Nilichukua pikipiki siku iliyofuata mpaka Ipililo, nikamkuta Jilala shambani na mama yake wanachuma pamba, mgongo ule mrefu umepinda kama upinde. Mama yake alinikaribisha kwa heshima zote za nahodha, akakimbilia kuniletea maji. Nikamwambia mwanawe ukweli pale pale kati ya matuta. Nilimwona, nikamwacha, kisha nikamsingizia.

"Nilijua, kaka," akasema, huku anachuma.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe." Akaingiza pamba mfukoni. "Lakini hapa umeniambia mimi, na mimi ndiye ninayejua. Wasiojua wako Bariadi."

Jumamosi ilikuwa siku ya mchezo wetu wa nyumbani. Jilala alikuja akakaa kwenye kona ya uwanja, nguo za kawaida, kama mtazamaji. Mwenye timu alikuwepo. Kabla ya mchezo nikamwomba mtangazaji kipaza sauti. Nikawaambia wote. Jilala hakuchelewa. Alikuwa mahali pake na mikono juu. Nilimwona na sikumpa, kwa sababu nilitaka kuonekana na bwana mwenye kofia nyeupe. Kisha nikadanganya, nanyi mkamwita Kobe kwa ajili yangu.

Nilitegemea matusi na maganda ya machungwa. Halikurushwa hata ganda moja, mwanangu. Halafu yule mama muuza karanga akainuka na beseni lake. Akavuka uwanja mzima kwa miguu yake mizito, akafika kwa Jilala, akamnyooshea karanga kwa mikono miwili kama anayempa mkwe. "Nisamehe, baba," akamwambia. Jilala akapiga goti kuzipokea, na hata akiwa amepiga goti walilingana. Mwenye timu akanong'ona na kocha, na jezi ikatolewa kwenye begi.

Mimi niliwekwa benchi, na nilistahili. Kocha aliniingiza mwishoni kabisa. Na Mungu ana utani wake: sekunde chache zimebaki, pointi moja nyuma, mpira kwangu, Jilala chini ya kikapu, mikono juu. Safari hii nilimpa. Nilimpa pasi ambayo hata leo naiota.

Ikamponyoka.

Filimbi ikalia, tumefungwa tena. Nikaenda kumshika bega, lakini alikuwa amekwisha nipita. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye meza, akachukua kile kipaza sauti, jasho linamtiririka. "Pasi ilikuwa nzuri," akasema. "Mimi nimekosa." Akakirudisha mahali pake taratibu.

Hakuna mtu aliyekuwa ameondoka. Walisimama wanamtazama yule kijana mrefu, kama sisi tulivyomtazama Mhoja. Ndipo kutoka nyuma kabisa, penye baiskeli, nikasikia sauti ninayoijua. Baba mkubwa, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikuwa amekuja na kofia yake ya kanisani.

"Kesho mtachunga!" akapaza.

Watu hawakujua maana yake, lakini waliipokea. Wakaipokea wote, wakubwa kwa wadogo, kesho mtachunga, kesho mtachunga, mpaka Jilala akafunika uso kwa jezi na mimi nikalia hadharani bila haya. Msimu ule hatukushinda hata mchezo mmoja, na yule bwana wa kofia nyeupe hajanipigia simu mpaka leo. Jilala alibaki, akacheza miaka mingi, na baadaye tulishinda pia, ingawa siku za ushindi nazikumbuka kidogo sana.

Sasa nisikilize, mwanangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, hilo umeliimba tangu shuleni, lakini kukubali kuna kazi yake. Watu wa mji huu wanakuja kuwatazama mkifungwa kwa sababu timu ni ng'ombe wao, nanyi ni wachungaji tu. Akifa, warudishie ngozi yake. Pale ulipolala sema nililala, na palipokuwa na fisi kweli, ngozi itamtaja yenyewe. Mwamuzi yule uliyemwita mwizi naye ana mama yake, na mama huyo ana simu. Na siku mwenzako akiikunjua ngozi yake mbele yako, usihesabu hasara kwa sauti. Ipapase, kisha mwambie kwamba kesho atachunga.

Nenda. Mungu akupe magoti ya kudumu kuliko haya yangu. Akupe ushindi, tena mwingi, na aniweke niuone. Na siku atakayokunyima, mwanangu, akupe bega la kubebea ngozi mpaka nyumbani.