Jumapili ya Aliyefungwa

Jumamosi ile Arvella aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida, akamchemshia kahawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja tangu azaliwe; dini yake haikumruhusu. Lakini kwa miaka hamsini na moja aliisimamia kwenye kibirika cha shaba alichoachiwa na mama mkwe, macho kwenye povu, pua kaielekeza dirishani.

"Pandeli! Sumu yako tayari."

Pandelis akaingia jikoni na fulana yake nyekundu iliyopauka mabegani. Arvella alikuwa keshavaa sweta lake la buluu.

"Mechi saa saba," alisema Arvella. "Wewe nguo ya msiba umeivaa tangu asubuhi?"

"Msiba wenu."

"Leo mtapigwa mpaka mwombe maji."

"Maji ndiyo yenu. Hata mezani kwa Bwana mnakunywa maji badala ya divai."

Arvella alicheka, akampiga begani kwa kitambaa cha vyombo. Akampakia mkate jamu ya pichi za uani. Pandelis akainywa kahawa kwa mafunda matatu, akatoka kukusanya majani makavu. Milima ilikuwa imeshika theluji, bondeni bado. Ndiyo yote yaliyotokea asubuhi ile.

Arvella Christensen alizaliwa katika nyumba ya wafuga kondoo, kusini mwa bonde, watu wa kanisa lile lisiloruhusu kahawa, tangu babu wa babu. Pandelis Vourakis alikuwa mtoto wa mchimba shaba aliyetoka Krete. Aliacha shule darasa la nne, akamfuata baba yake mgodini. Katika bonde lile mtu alikuwa wa kanisa hilo au si wa kanisa hilo, na hata mpira uligawanyika hivyo: Wekundu ni timu ya chuo cha mjini, Buluu ni ya chuo cha kanisa, kule mji wa Provo. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kuangushana. Watani hao wa jadi walipokutana, ndugu wa damu walikaa meza mbali mbali.

Walipooana, padri wa Wagiriki alikataa kuibariki ndoa. Hekaluni kwa Arvella, ambako tofauti na kanisani huingia waumini wao tu, Pandelis asingevuka hata kizingiti. Basi ndoa ikafungishwa na karani wa mahakama. Baba yake Arvella hakusema nao miaka miwili.

Mwaka wa kwanza waligombana kila Jumapili. Huyu alikwenda kanisani kwake, yule kwake, na chakula cha mchana kikaliwa kimya. Kila mmoja alitamani mwenzake amfuate japo siku moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuomba. Ni Arvella aliyepata njia.

"Mpira uamue," alisema. "Atakayefungwa, Jumapili inayofuata anakwenda kanisani kwa mwenzake. Na rangi ya mwenzake mwilini."

Wakapeana mikono kama wauza kondoo.

Wekundu waliposhinda, Arvella alisimama katika kanisa la Wagiriki na kitambaa chekundu kichwani, akikohoa kwa ubani tangu mwanzo hadi mwisho, na vikongwe wa Krete wakimsogezea nafasi. Buluu waliposhinda, Pandelis alifunga tai ya buluu akaenda kukaa kwenye benchi la Arvella, upande wa ukutani. Mlangoni alimkuta Delmar Oveson, jirani yao, ambaye hakuchoka kwa utani uleule.

"Ndugu Vourakis! Rangi imekukubali. Bado kuzamishwa majini tu!"

"Maji naoga kila siku, Delmar."

"Haya siyo ya sabuni."

"Basi hayanitoshi. Mimi mtu wa mgodini."

Kuna miaka timu yake ilifungwa vibaya, na Pandelis akajikuta hana uchungu mwingi. Hilo hakumwambia mtu.

Mara moja walikwenda wote uwanjani Provo. Pandelis alishuka kununua soseji, na aliporudi hakuijua tena safu yao. Watu sitini elfu, wote buluu. Alisimama ngazini na fulana yake nyekundu, soseji mbili mikononi, akizomewa. Arvella alikuwa mbali sana juu, lakini yeye ndiye aliyemwona kwanza, akapanda juu ya kiti na kupunga mikono yote miwili.

Binti yao Ranae alifuata dini ya mama. Alipoolewa, aliolewa hekaluni, na baba yake alingoja nje, kwenye benchi la mawe, upepo ukimpiga, suti yake mpya na tai nyekundu. Mlango ulipofunguliwa, aliyetoka wa kwanza hakuwa bibi harusi. Alikuwa Arvella, bila koti, anakuja kukaa naye.

Sasa Jumamosi ile Buluu walishinda kwa pointi tatu, dakika ya mwisho. Arvella aligonga sufuria kwa mwiko kuzunguka chumba kizima. Kisha akafungua kabati, akatoa tai ya buluu, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wa chumba chao, kama kila walipowafunga.

"Kesho saa tatu kamili. Na ndevu unyoe."

Asubuhi Arvella hakuamka. Alilala kiganja chini ya shavu, na kiganja kilikuwa baridi.

Walikuja watu wa kuchukua maiti, wakamchukua. Ranae alikuja, akapiga simu kwa wote waliopaswa kupigiwa. Pandelis alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama tai. Ilipokaribia saa tatu akanyanyuka, akanyoa ndevu, akaivaa.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kanisani."

"Leo?"

"Nilifungwa," alisema Pandelis.

Alitembea peke yake. Delmar Oveson alikuwa pale mlangoni, utani tayari mdomoni.

"Ndugu Vourakis! Yuko wapi Dada Arvella? Au jana kashangilia mpaka kaishiwa nguvu?"

"Amefariki, Delmar. Alfajiri."

Delmar alimwangalia jirani yake shingoni. Tai ilikuwa imekwenda upande, maana kila mara aliyeinyoosha ni Arvella. Akainyoosha yeye, polepole. Kisha akamshika mkono mpaka kwenye benchi lile, upande wa ukutani, akaketi naye mpaka mwisho. Mkate na maji vilipopitishwa, Delmar alivipokea akavipitisha mbele.

Jioni alikuja Askofu Lund wa kanisa la Arvella, ambaye siku za kazi ni fundi bomba. Meza ya jikoni ilikuwa imejaa viazi vya jibini walivyoleta majirani. Askofu alikaa na kofia magotini.

"Ndugu Vourakis, sikuja kukusukuma. Ila mlango uko wazi. Ukikubali kubatizwa, wakati ukifika unaweza kuunganishwa na Dada Arvella hekaluni, hata kama ameshatangulia. Ndoa siyo ya mpaka kifo. Milele."

Miaka yote Pandelis alikuwa akijibu maneno hayo kwa mzaha. Jioni hiyo mzaha haukuja. Lau wangemwambia mto wa kubatiziwa ni ule pale, angeuingia na viatu. Alimtaka mkewe.

Lakini alifikiria pia ataingiaje majini akisema anaamini, na haamini. Arvella alimjua mtu aliyemwoa. Huyo mwingine, wa kujifanya, angemjuaje?

Ranae alimpigia magoti, akamshika mikono.

"Baba, mama alikungoja miaka hamsini na moja. Usipokubali, utampataje kule? Hakuwahi kukwambia neno juu ya hilo?"

"Aliniambia."

"Lini?"

"Siku ya harusi yako. Nilikuwa nje pale benchini. Nikamuuliza, na huko mbinguni kwenu nitaachwa nje hivihivi?"

Askofu aliinua macho. Pandelis alilegeza tai ya buluu, akaivua, akaikunja vizuri akaiweka mezani. Kisha akasema maneno ya Arvella, kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Kule wote watakuwa wamevaa nyeupe, Pandeli. Wewe njoo na nyekundu yako hiyohiyo, nitakuona wa kwanza."