Nelson Fundi na Laptop ya Mama Mkwe

Nelson Kisyeri hatulii. Ukimkuta kwenye kibanda chake karibu na stendi ya Tarime, mikono iko ndani ya simu ya mtu na mguu unapigapiga sakafu, na kabla hujamaliza kueleza ugonjwa wa kompyuta yako ameshaipindua anatafuta skrubu. Chai yake hupoa kila siku. Tangu nihamishiwe huku kutoka Tukuyu sijamwona ameegemea kiti.

Watu wa stendi, jambo hilo haliwasumbui, wao wanataka simu zao. Linamsumbua mama mkwe wake, Mwalimu Tabitha, mwalimu wa taaluma wa shule yetu na msimamizi wa mitihani ya kata. Binti yake, Elieth, ameolewa na Nelson na wana watoto, lakini simu ya Mwalimu Tabitha ikiharibika anapanda gari hadi Sirari kwa fundi mwingine. Niliwahi kumuuliza sababu.

"Madam Bupe," akanijibu, "mtu asiyetulia hapewi kitu chenye kioo."

Nelson anajua anasemwa hivyo, na inamuuma. Kila nikipita kibandani ananiuliza kama simu ya mama ni nzima, kisha anajifanya hajauliza.

Basi ikafika siku ya kuchapa mtihani wa utamilifu wa darasa la saba, ambao watoto wa kata nzima wangeufanya kesho yake asubuhi. Mtihani uliwahi kuvuja, kwa hiyo kamati ilipiga marufuku flashi, na WhatsApp ndiyo usiitaje kabisa. Mtihani unatoka kwenye laptop ya msimamizi kwenda kwenye kompyuta ya ofisi yenye printa kwa njia ya waya tu. Tena laptop ikishafunguliwa mtihani, haiguswi na mtu mwingine ila msimamizi awe ameketi ubavuni pake.

Miaka yote waya ulifanya kazi. Lakini laptop ya zamani ilikuwa imekufa, na Mwalimu Tabitha sasa alikuwa na ile iliyoachwa na wageni waliojenga maktaba yetu. Hiyo inatumia Linux, ya ofisi inatumia Windows. Tukachomeka waya, taa zikawaka pande zote mbili, na kila moja ikakaa kimya kama haina jirani.

Bwana Desderius, Afisa Elimu Kata, akapiga simu kwa fundi anayemwamini. Desderius ni mtu wa Karagwe, ana miezi michache tu hapa. Hakujua fundi wake ni mkwe wa nani.

Bodaboda ilipoingia uwanjani, Mwalimu Tabitha alichungulia dirishani, akabeba laptop yake akaingia stoo ya vitabu iliyo pembeni ya ofisi, akaegesha mlango. Waya ulikuwa mrefu, ukapita chini ya mlango.

"Mwalimu anakimbia nini?" Desderius akauliza.

"Mkwe wake," nikamwambia.

Kwa Wakurya, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Mimi sikushangaa, kwetu Tukuyu wanaokwepana ni baba mkwe na mkamwana. Aliyeshangaa ni Desderius, tena kwa hasira. "Waingie wote wawili, dakika tano tu, watoto wafanye mtihani!"

Nikaenda kumwonyesha Nelson kompyuta ya ofisi.

Nelson alikaa ukingoni mwa kiti mbele ya kompyuta ya ofisi, akaanza. Akazipa mashine zote mbili namba za kutambuana. Ya upande wa stoo nilimpelekea mama kwa mdomo akaiandika mwenyewe. Akalegeza ulinzi wa Windows. Mara laptop ikatokea kwenye kioo. Nelson akajipiga gotini kwa furaha. Akabofya folda, ikaomba jina na neno la siri. Nikamwomba mama apite akaandike mwenyewe. Nelson akatoka kwa mlango wa nje, mama akaingia kutoka stoo, akaandika, akarudi stoo, Nelson akaingia. Imekataa. Tukarudia. Imekataa. Kila safari Nelson alirudi amelowa jasho zaidi, akabofya kabla hajakaa.

"Kosa liko kwenye laptop," akasema. "Madam, nipe nafasi kidogo tu pale, naimaliza sasa hivi."

"Huwezi kuigusa mpaka mama akae na wewe."

Akasimama, akakaa, akasimama. Desderius alikuwa mlangoni anatafuta namba ya fundi wa Musoma, ambaye asingefika kabla ya kesho mchana. Walimu wa shule nyingine walishaanza kuja kusubiri bahasha. Nami roho ilikuwa juu; darasa langu lilikuwa limekesha kwa mtihani huu.

"Basi mwambie mama afungue ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri," Nelson akasema hatimaye. "Nitamtajia, aandike mwenyewe."

Nikasimama katikati ya mlango wa stoo. Alianza mbio, maneno matano kwa pumzi moja, nami nikamwambia mimi si redio. Akaanza tena, neno moja, anyamaze, nilipeleke, lirudi jibu, ndipo lingine. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Sijawahi kumhurumia mtu mzima namna ile.

Katikati ya kazi sauti ya stoo ikaniambia, "Muulize. Neno la siri la kufungulia laptop na la kugawia folda, ni moja?"

Nikamuuliza.

"Ni mawili," akasema. "La pili linatengenezwa kivyake. Sijamwambia alitengeneze. Hiyo hatua mikono yangu huwa inaifanya yenyewe, sijawahi kuisema."

Akaisema, herufi kwa herufi, zote ndogo. Mama akaandika, akachagua neno lake la pili kimya kimya. Wakapishana tena, kila mmoja kwa mlango wake. Safari hii Nelson alikuwa bado nje, anazunguka mti wa bendera, niliposikia printa inavuta karatasi ya kwanza. Hakuruhusiwa kurudi ndani. Mtihani ulikuwa wazi. Alisimama pale pale anasikiliza, kisha akaondoka bila hata kunawa mikono.

Watoto walifanya mtihani wao asubuhi. Darasa langu lilikwama kwenye hesabu za sehemu, kama kawaida.

Wiki iliyofuata Mwalimu Tabitha aliniita stoo. Akanipa simu yake iliyofungwa kwenye leso, kioo kimepasuka kutoka kona hadi kona.

"Jumamosi unakwenda Tarime?"

"Naenda, mama."

"Mpelekee mkwe." Akakunja leso vizuri zaidi, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Mwambie sina haraka."

Nikaifikisha kibandani, nikamwambia imetoka kwa nani. Nelson akaishika kwa mikono miwili, akaketi, akaegemea kiti. Nikampa na ujumbe, kwamba mama anasema hana haraka.

Akaitikia kwa kichwa. Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshatoka.