Nyatiti Iliyouzwa Bila Sauti

Jambo lote liligharimu shilingi thelathini na nne. Nimezihesabu mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, na hesabu haikusogea: ishirini na sita za nyatiti yenyewe (kile chombo cha nyuzi nane cha watu wa ziwani), nne za nauli, mbili za mwalimu wa kwaya, moja na nusu ya kano mpya ya ng'ombe badala ya ile aliyoikata mwalimu wa kwaya, na senti hamsini za chai niliyokunywa ili nimsahau mwalimu wa kwaya. Chama kilinipa thelathini. Nne zilitoka mfukoni mwangu, na mpaka leo sijaona mtu akihangaika kuzirudisha.

Kilikuwa chama cha wapigaji wa vyombo vya kienyeji, hapo Nakuru, miaka ya hamsini. Tulikutana kila Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha jumba la starehe la wafanyakazi wa reli. Saa kumi na moja mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu barua ya ruhusa ilisema saa kumi na moja, na siku zile za Hali ya Hatari ya wakoloni hakuna aliyebishana na barua. Wawili walipiga litungu, la nyuzi kama nyatiti, mmoja alileta obokano, ya nyuzi vilevile lakini kubwa kama beseni la kuogea mtoto, wengine walikuwa na filimbi na kayamba. Kiti kimoja kando ya dirisha kilikuwa cha mpiga wandindi, ile ya uzi mmoja. Mwenyewe alikuwa amepakiwa na askari kwenye lori, yeye na wenzake, wakarudishwa kwao. Kiti hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyekitaja.

Mimi sikujua kupiga hata debe. Nilikuwa nauza makoti ya kafa ulaya, yaani mitumba, sokoni, na chama kilinichukua kwa ajili ya mdomo wangu: palipohitajika ngozi, nta au kamba, nilitumwa mimi, nikarudi na kitu pamoja na chenji. Lakini nilibaki kwa sababu nyingine. Kulikuwa na jambo lililonikera. Koti nalijua: nikiligeuza ndani nje naona mshono, naona kiraka, naona senti zake. Chombo nikikigeuza na kutumbukiza jicho kwenye tundu la ngozi, naona giza tu na kusikia harufu ya mbuzi. Sauti inakaa wapi? Nilimuuliza kila mmoja wao. Wa obokano aliniambia, "Iuze kwanza, ndugu, halafu utafute."

Mkubwa wetu kwa kupiga alikuwa fayamani, yaani yule mtu wa kulisha tanuri la injini makaa. Nyatiti yake ya nyuzi nane alikuja nayo Nakuru akiwa kijana. Sasa reli ilikuwa imemwambia inatosha: mwisho wa mwezi angestaafu, na Jumatatu iliyofuata angepanda treni kama abiria, arudi kwao ziwani moja kwa moja. Na Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, kwa mara ya kwanza tangu chama kianze, tulikuwa tumekubaliwa kupiga katika ukumbi wa mbele, ule wa magitaa na kodiani, wake na watoto wa landhi zote, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakialikwa. Fayamani alitaka kitu kimoja tu. "Miaka yote watu wa mji huu wamenisikia nikikohoa," alisema. "Wanisikie mara moja nikipiga."

Ndipo nyatiti ikapasuka. Ngozi ya chombo hupashwa moto kidogo kabla ya kupigwa, ikaze. Kila mtu hupasha kwa makaa mawili matatu jikoni. Fayamani yeye alikuwa na tanuri la injini nzima, akaona si haba: akaitundika kando ya mlango wa tanuri kutoka Nakuru mpaka kilima cha Njoro. Walipofika ngozi ilikuwa imepasuka toka ukingo hadi ukingo, na mti nao umeingia ufa. Yeye mwenyewe alisema ilitoa mlio mmoja tu, na ulikuwa mzuri.

Zilibaki siku tano. Nikatumwa.

Nilisikia kuna mzee wa kutoka ziwani anayekamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Kabazi, naye anayo nyatiti na hapigi tena. Jumanne nikapanda lori la kuchukua maziwa, mkebe mtupu kila upande, na vumbi likanifanya rangi moja na barabara. Nilimkuta mbele ya nyumba yake kwenye kambi ya wafanyakazi, amekalia kigoda kifupi.

"Arobaini," alisema, kabla sijamaliza kumsalimu.

"Kumi na tano, mzee."

"Hiyo ni bei ya kigoda."

"Basi niongezee na kigoda."

Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akisoma. Tulivutana mpaka jua likahama upande wa pili wa paa. Nilisema ngozi imezeeka. Akasema na mimi nitazeeka. Nilisimama kuondoka mara mbili, akanitakia safari njema mara mbili. Tuliishia ishirini na sita, pamoja na pete ya chuma inayovaliwa kidole gumba cha mguu kugongea mti, na njuga za kifundo. Kigoda alikataa. Nilihesabu nyuzi: nane. Nikahesabu tena: nane. Alinipigia kidogo nisikie mali yangu, na ilikuwa sauti ya kumfanya mtu asahau lori.

Aliweka pesa ndani ya kofia, akavaa kofia. Kisha akaipakata nyatiti na kuanza kuzungusha vifundo vya kano kwenye mti wa juu. Uzi mmoja ukalegea. Wa pili ukalegea.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natoa yangu."

"Yako ipi tena? Si nimelipa?"

"Umelipa mti, ngozi na kano. Hii niliikaza kwa koo langu. Koo sijauza."

"Na nikiongeza shilingi mbili?"

"Kijana, hata ungetoa ile arobaini ningelegeza vilevile. Usidhani ni hasira za bei." Akalegeza wa nane. "Ingawa bei nayo inaudhi."

Nilirudi Nakuru nimekumbatia kitu kinachofanana na mbuzi aliyechinjwa. Aibu ilinikaa. Nimenunua bidhaa, nimeihesabu mara mbili, na bado nimeuziwa pungufu. Fayamani alikuwa safarini mpaka Alhamisi. Nikaapa hataikuta bubu.

Hapo ndipo niliingia kwenye hesabu zangu, na hesabu ndizo zilizoniponza. Nyatiti ina nyuzi nane. Kanisani tulifundishwa do, re, mi mpaka do ya juu: nane. Nane kwa nane! Nikaona hapa hakuna siri, ni kuvalisha koti mtu wa kipimo chake. Jumatano nikampelekea mwalimu wa kwaya, mwenye kinanda cha kukanyaga. Alikanyaga, akakaza, akakata uzi mmoja, nikakimbia kununua kano nyingine, akakaza tena. Jioni nyatiti ilikuwa ikipanda na kushuka ngazi ya do re mi bila kujikwaa. Nililipa shilingi mbili bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo lingenitia shaka mapema kama ningekuwa na akili.

Alhamisi tulikaa chumba cha nyuma na wachache wa chama, tumwone akipokea. Fayamani aliingia bado na makaa kwenye kope. Akaketi, akavaa pete, akapitisha vidole mara moja. Akasimamisha mkono.

"Nani ameiokoa?"

Wote wakanigeukia.

"Hii imebatizwa jana. Inaimba kama inaogopa mchungaji." Wa obokano alicheka mpaka akashika ukuta. Fayamani hakunikasirikia. Aliilegeza tu, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka zote nane zikalala. Kisha akaanza kuikaza kama ile yake ya zamani, akiimba kidogo kila uzi ili autafute. Alipofika wa tatu koo likakwaruza. Akarudia. Likakwaruza palepale.

"Omera, injini imeishiwa na mvuke," wa obokano akamtania. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ijumaa nilimkuta peke yake nyuma ya kibanda changu cha makoti, nyatiti magotini, imelegea. Alisema Jumamosi hapigi. Aliniambia taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Ile ya zamani aliikaza akiwa kijana, kabla ya makaa, na hakuwahi kuilegeza. Nyuzi zilikaa pale pale, sauti yake ikashuka. Kila mwaka aliimba kwa kuchuchumia zaidi, asijue, kwa sababu chombo kilimvuta. "Sasa hiki hakinivuti. Kinaniuliza tu. Na mimi sina la kujibu."

Ningeweza kumpa pole. Lakini mimi ni mtu wa sokoni, nikiona bidhaa nauliza maswali. "Yule mzee wa Kabazi alisema aliikaza kwa koo lake," nikamwambia. "Lako la leo husema nini? Si kuimba. Ukiwa kazini, siku nzima, unasema nini?"

"Kazini? Kule hakusikiki kitu. Namwitia dereva stesheni tu, tukikaribia."

"Ziite."

"Acha mchezo."

"Si mchezo. Nimelipa nauli, nataka kujua."

Alicheka kupitia puani. Kisha akaita, si kwa kuimba, kwa sauti ile ya kushinda gurudumu: "Njoro!" Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye uzi wa kwanza, ukazungusha kifundo mpaka uzi ukasema alivyosema yeye. Tukatazamana. "Elburgon," akaita, juu kidogo, maana pale treni inapanda. "Molo." Uzi wa tatu. "Mau Summit," na koo likafika mwisho wake bila kukwaruza, na uzi wa nne ukasimama hapo. Baadaye akaanza kuteremka. Hakutaja zote, ziko nyingi. Alitaja zile alizosema amemwagia jasho. "Londiani," na stesheni ya uzi uliofuata, na "Muhoroni," na wa mwisho "Kisumu," chini kabisa, kama mtu anayeshusha mzigo mlangoni kwake.

Akapitisha vidole kwenye nyuzi zote nane. Haikuwa sauti ya yule mzee, wala ya kanisa, wala ile yake ya zamani. Mwenye kibanda jirani, mama muuza vikapu, aliinua kichwa akauliza, "Ni nani huyo amefika?"

Jumamosi alipiga. Ukumbi ulizoea magitaa, na mwanzoni watu walipiga kelele za kunywa soda. Sauti yake ilikuwa chini, nene, ya mtu mzima. Hakuipandisha. Ikabidi watu wanyamaze ili wasikie, kisha wasogee. Nilihesabu safu ya mbele: kumi na wawili. Nilipohesabu tena walikuwa wamejaa mpaka miguuni pake, na watoto wanatazama ile pete kidoleni. Wa obokano na wenzake wa litungu walilegeza vyao kumfuata. Tulipitisha saa kumi na moja kwa dakika ishirini, na askari aliyekuja na barua alisimama mlangoni akasubiri imalizike.

Jumatatu nilimsindikiza stesheni. Alikuwa na sanduku moja la bati na nyatiti. Filimbi ya kwanza ilipolia akakaa juu ya sanduku, akalegeza nyuzi zote nane, akanipa.

"Ni yako," nikasema. "Chama kimekununulia."

"Koo langu naenda nalo. Hii kaa nayo wewe. Si una shilingi nne ndani yake?"

Chama kilidumu miaka michache, kisha wapigaji wakatawanyika mmoja mmoja, huyu uhamisho, huyu uzee. Nyatiti ilibaki ukutani kwangu na kano zake zimelala. Mara nyingine niliishusha nikatumbukiza jicho kwenye tundu. Giza, na harufu ya mbuzi.

Wiki iliyopita mwanamke mtu mzima aligonga mlangoni. Ni binti wa fayamani. Baba yake wamemzika. Alisema kule kwao baba hakupiga tena, na yeye hajawahi kumsikia, maana walilelewa nyumbani ziwani wakati baba yuko relini. Lakini baba alimsimulia habari za Jumamosi ile, na akamwambia yupo mtu mmoja Nakuru aliyekuwepo nyuzi zikikazwa. "Nataka kuisikia kama alivyoiacha," akasema. "Ni pesa ngapi, mzee?"

Bei sikuitaja. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili, na sasa imebaki wiki moja.

Nimeketi na nyatiti nikaziita stesheni. Njoro naisikia mpaka leo, na mkono wangu umeipata. Elburgon, Molo, Mau Summit. Londiani. Muhoroni na Kisumu. Ni saba. Nimehesabu tena, ni saba. Uzi wa sita, kati ya Londiani na Muhoroni, siukumbuki: aliita Lumbwa, au Fort Ternan, au Koru, na aliiitaje? Nikiukisia, binti atasikia nyuzi saba za baba yake na mmoja wangu, wala hatajua ni upi. Nikimpa nyuzi zote zikiwa zimelegea, nitakuwa nimefuata desturi ya yule mzee wa Kabazi, lakini binti atakuwa amesafiri njia yote hiyo kuja kuchukua mti na ngozi. Nyinyi mnaojua vyombo hivi, au mliowahi kukaa karibu na mtu mpaka mkajua anavyoita, nishaurini kabla hajarudi: nimkazie hizi saba na wa sita niuache umelala, au niufanyeje?