Desturi ya Sista Ndanu

Shavu lilikuwa limevimba hadi likaziba jicho la kushoto, na Ndanu hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, akipanga chumba kimoja mtaa wa Gatina, Nairobi. Januari ile ya 2008, kwa ghasia za baada ya uchaguzi, majirani wengi walikuwa wamekimbilia makwao mashambani. Aliyebaki ni Rahab, muuza mboga.

"Ni wale vijana wa barabarani?" Rahab aliuliza.

"Hapana. Ni kazini."

"Kazini tena? Na sindano zote mlizo nazo." Rahab akacheka kidogo, akarudi kukata sukuma wiki yake.

Ndanu alikuwa na desturi moja. Alimsalimu kila mgonjwa mgeni kwa lugha ya kwao huyo mgonjwa. Alijifunza salamu za makabila tisa, na mara nyingi zilituliza watu kabla ya dawa. Basi Isaac, fundi viatu wa Kibera, alipoletwa Jumatatu, alimwinamia kitandani akamsalimu kwa Kiluhya, "Mulembe."

Isaac aliruka akampiga ngumi mbili. Alipotulia alilia, akaeleza kwamba watu waliomsimamisha karibu na Makina, huko huko Kibera, walimsalimu hivyo hivyo, wakingoja aitikie ndipo wajue ni wa upande gani. Jeraha walilomtia lilikuwa bado bichi kichwani.

Asubuhi iliyofuata Khaemba, msimamizi wa wodi, alimsukumia kitabu cha ripoti. "Andika alikupiga bila sababu. Leo leo anafungiwa kile chumba cha peke yake, sisi tupumue."

"Na nikiandika nilivyomsalimu?"

"Basi kosa ni lako, sista. Mimi simo."

Ndanu aliandika yote, salamu na ngumi. Isaac hakufungiwa.

Saa nne, wakati wa chai, wauguzi wenzake walisogea mbali alipoketi benchini. Everlyne, ambaye mwaka uliopita alivunjwa kidole na mgonjwa, hakumtazama. "Umetuuza, Ndanu. Kesho nikipigwa mimi, wataniuliza nilimsalimu vipi."

Ndanu alijua Everlyne alisema kweli.

Kanuni ya wodi ni wauguzi wawili kwa mgonjwa aliyewahi kupiga. Mchana dawa za Isaac zilipofika, kila mwenzake alisema ana shughuli. Ndanu alibeba sinia peke yake, akasimama mahali ambapo Isaac angeona mikono yake.

"Habari ya mchana, Isaac. Nimeleta dawa."

Isaac alilitazama lile shavu. Ndanu akangoja. Kando yake, pale ambapo mwenzake angesimama, hapakuwa na mtu.