Lango la Bwana Komeo

Shemeji zake walimpachika jina la Bwana Komeo, naye hakulikataa. Ni mtu wa kufunga: geti, kabati la sukari, hata dirisha la choo. Intaneti ilipoingia nyumbani, akaona kiboksi kilicholetwa na kampuni hakitoshi kwa ulinzi. Akachukua kompyuta kuukuu, akaiongezea kadi mbili za mtandao, akaisukuma chini ya meza ya sebuleni iwe mlinzi. Waya mmoja ulileta intaneti kutoka kwenye kiboksi, wa pili uliisambaza ndani, na katikati kompyuta ilikagua kila kinachopita. Ilifanya kazi vizuri, lazima tuseme ukweli.

Asubuhi moja kompyuta hiyo ikanuna. Hakiingii kitu, hakitoki kitu, na saa nne mkewe alikuwa na usaili kwa njia ya video, wa kazi ya kuhudumia wateja akiwa nyumbani. Kazi ameitafuta mpaka soli zimeisha.

"Baba watoto, itapona hiyo, au nijitafutie utaratibu mwingine?"

"Dakika tano tu."

Alizima, akawasha, akasubiri lile likompyuta lijikongoje. Akapitia masharti aliyoliwekea, mengine aliyaandika akiwa na hasira zake. Yote sawa. Taa zilimkonyeza kijani kana kwamba hakuna tatizo, na hilo ndilo lililompandisha mori zaidi.

"Nani kagusa hapa?" akafoka.

Mdogo wa mkewe, aliyekuja kuwatembelea, alichungulia kutoka jikoni. "Mimi, shemeji. Nilifagia jana. Vumbi lilikuwa la kujaza ndoo! Nikachomoa zile nyaya, nikazirudisha."

"Ukazirudisha wapi?"

"Kwenye matundu. Si yanafanana yote? Ungeyaandika, shemeji."

Alikuwa ameyaandika. Alibandika vikaratasi, 'nje' na 'ndani', kisha akavibandua kwa mkono wake mwenyewe, asije mtu akajua pa kuchokonoa. Sasa alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, tochi mdomoni, mbele ya matundu matatu, moja bovu tangu zamani, na nyaya mbili za rangi moja. Lipi ni lipi? Hakumbuki. Alijaribu hivi, akawasha upya. Akajaribu vile, akawasha upya. Akajigonga kisogo kwenye meza. Akaitukana kompyuta, akamtukana aliyeitengeneza, ikabaki kidogo tu ajitukane mwenyewe.

Mkewe alibeba kompyuta yake ndogo kwapani, akatoka kwenda kwa jirani, fundi cherehani mwenye kiboksi cha kampuni vilevile kilivyokuja, nywila kaibandika ukutani kila mteja aione. Bwana Komeo alikuwa akimcheka kwa hilo.

Saa tano kasoro, intaneti ikarudi. Akatoka uvunguni na utando wa buibui kichwani, akakimbilia mlangoni. Mkewe alikuwa anaingia, anatabasamu.

"Imepona, mama watoto!"

"Nimepata kazi. Naanza Jumatatu."

"Unaona? Utakaa hapa hapa sebuleni, utulie."

Mkewe akavua viatu, akaviweka pembeni.

"Waliniuliza kama nina intaneti ya kutegemea," akasema kwa upole. "Nikawaambia ninayo. Jirani ameshanisafishia kona karibu na cherehani."