Mbuzi Aliyeitika "Dominee"

Lubbert, mtunza kanisa wa kijiji chetu huko Veluwe, Uholanzi, hakulewa, hakusengenya, wala hakuchelewa kupiga kengele. Kosa lake lilikuwa mbuzi.

Mchungaji wetu wa zamani alikuwa kiziwi. Kila asubuhi Lubbert alisimama uani akimwita aje kunywa kahawa, kwa sauti ya kubomoa ukuta: "Dominee!" Ndivyo sisi Waholanzi tunavyowaita wachungaji. Mzee akija, alimtupia mbuzi wa Lubbert kipande cha mkate, hata mbuzi naye akazoea kuja kwa wito huo. Mzee akafa, mbuzi akaendelea kuitika.

Mchungaji mpya akaja kumtembelea Lubbert na mkewe, pamoja na Roelof, mzee wa kanisa asiyecheka hata harusini. Jikoni Lubbert akamwonya mkewe: "Aaltje, neno lile usilipaze. Roelof akijua mbuzi huliitika, funguo za kanisa sina tena."

"Kwani mimi mtoto, bwana wee?"

Aaltje akagawa kahawa na biskuti moja kwa kila mtu, kisha kopo likafungwa, kama ilivyo ada. Roelof alimwita mgeni kwa neno lile mara kadhaa, lakini Roelof huongea kwa sauti ya chini kama aliye chumba cha mgonjwa, na mbuzi hakusikia. Mazungumzo yakakauka. Kwetu kimya kikitanda ghafla, husemwa kwamba mchungaji anapita. Ulimi ukamponyoka Aaltje, tena kwa kelele:

"Haya, dominee anapita!"

Mlango wa nyuma ukasukumwa kwa pembe. Mbuzi akapita kweli, akala biskuti ya mgeni.

"Lubbert!" Roelof akafoka. "Mnyama umempa cheo cha mtumishi wa Mungu? Lete funguo!"

Lubbert akaziweka mezani. "Sikumpa, mzee wangu. Kajitwalia."

Mchungaji alicheka hadi kahawa ikampalia. "Ndugu Roelof, neno hilo halikuwa cheo. Ni Kilatini: 'Ee Bwana!' Ndivyo watu walivyowaita wasomi na wahubiri. Wakazoea, wakarefusha mwisho wake, wakalifanya jina. Asili yake ni wito tu, na huyu kaitika."

"Mbuzi, dominee?"

"Jumapili niliita saa nzima mimbarini. Wewe ulisinzia na peremende mdomoni."

Roelof, masikio mekundu, akazisukuma funguo zikarudi kwa Lubbert.

Mimi sivumilii mzaha katika mambo ya ibada, lakini hapo nasimama upande wa mbuzi. Kataa neno, usikatae wito. Na wengi wetu wito wenyewe hatuusikii.

Aaltje akafungua kopo mara ya pili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana nyumba ile, ampe mgeni biskuti nyingine.

"Karibu, dominee," akasema.

Mbuzi akafika kwanza.