Mkono wa Haji Kwenye Sinia la Shangazi

Siku ile ya Idd Ndogo tulikuwa wanne kwenye mkeka, kule Mpendae: shangazi yangu Bi Mize, bintiye Salma, mdogo wangu Haji, na mimi, mkubwa kati yetu mayatima wawili. Hadi leo pilau ikinukia uzile, naukumbuka mkeka ule.

Vidole vya mkono wa kulia wa Haji vililegea baada ya homa kali, havikuweza kushika hata tonge. Njaa ilipomzidi, akapeleka mkono wa kushoto. Shangazi akauchapa.

"Mkono wa chooni huo! Usintilie kwenye sinia langu!"

Akamtengea kibakuli mlangoni, pale alipozoea kumlisha paka. Haji alikula kainamisha kichwa. Niliapa moyoni: Idd Kubwa atakula hapa hapa, kwa mkono wa kulia, nawe, Shangazi, utatazama.

Skuli nilikwishaiacha ili nimlee, basi nilikuwa na mchana kutwa wa kuilea na chuki yangu. Nikimchunguza Haji, niliona jambo: akiinua kiganja kwa nyuma, vidole hujikunja kidogo vyenyewe. Nikaomba kwa fundi baiskeli mpira chakavu wa tairi, nikaukata vipande vyembamba, nikavifunga kutoka juu ya kifundo cha mkono, kupitia kiganjani, hadi kwenye ncha za vidole. Mpira wa kwanza ulimchubua, nikautia kitambaa cha kanga kwa ndani. Uliofuata ulilegea mno. Nikakata tena, nikashona tena, mpaka vidole vikabana gumba.

Idd Kubwa tukakaa pale pale. Haji akainua kiganja, vidole vikabana tonge, likafika mdomoni.

"Lo! Haji kaota gando la kaa!" Salma akaangua kicheko.

"Mpira wenyewe umekoshwa?" akauliza Shangazi.

"Umekoshwa, Shangazi." Nilimkazia macho. Nilingoja naye ainamishe kichwa. Hiyo ndiyo ingekuwa Idd yangu.

Ndipo Haji akabana mnofu mzuri kuliko yote siniani, akauweka mbele yake. "Karibu, Shangazi."

Shangazi akaula! Akaula, akasema nyama imeiva. Nilitamani kumvua Haji ule mpira.

Kwa miaka nilimwona mjinga. Baadaye sana ndipo nilipofahamu: mimi nilikuwa nimeshona silaha, yeye akavaa mkono, na mwenye mkono ndiye huchagua wa kumlisha.

Haji kasamehe. Mimi bado. Kila Idd namwamkia Bi Mize shikamoo, naye hunijibu marahaba. Radhi ya Haji hajaiomba, nami sijamfutia kosa lake.